Boksi la Pizza na Posho ya Kilo-Moto

Pizza ya wastani, yenye upana wa sentimita 30 hivi, inayoletwa mtaani kwetu Nyakasanza, hapa Bunia, kwa pikipiki kutoka barabara kubwa, ina uzito wa gramu 560. Najua kwa sababu niliipima. Nilifanya kazi ya lishe katika vituo vya afya vya Bunia hadi nilipostaafu, na mtu aliyezoea kupima watoto na unga hawezi kuwekewa boksi mbele yake asitafute mzani. Wajukuu walinuna. "Koko, itapoa!" Ilipoa kidogo, tukala.

Hesabu yake si ngumu. Majedwali ya vyakula ya Marekani yanaipa pizza ya jibini kilokalori 266 hivi kwa gramu 100, protini gramu 11, mafuta gramu 10, wanga gramu 33 na sodiamu miligramu 600 kasoro kidogo. Basi boksi zima lina karibu kilokalori 1,500, na protini gramu 60 na ushei. Kinachonishtua ni sodiamu: inapita miligramu 3,300, nalo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asivuke 2,000 kwa siku, yaani chumvi ya kijiko kimoja cha chai. Pizza ya kwetu ina jibini ya kuhesabu, kwa hiyo punguza protini na kalisiamu. Kisha ongeza mayonezi, maana Bunia pizza haitoki dukani bila kuchorwa mistari ya mayonezi juu yake, na mafuta uliyoyapunguza yanarudi kwa mlango wa nyuma. Mboga ni vipande vya kitunguu na pilipili hoho unavyoweza kuvihesabu.

Watu sita wakigawana boksi hilo siku ya sikukuu, hakuna aliyedhurika. Baba mwenye presha akilimaliza peke yake na soda juu, hiyo ni habari nyingine. Basi. Kuhusu pizza yenyewe sina zaidi ya hayo, na wanaotaka niilaani huondoka kwangu wamenikasirikia.

Ninachobishana nao ni jinsi wanavyosimulia. Ukiwasikiliza utadhani chakula cha kununua kikiwa kimeiva kiliingia mtaani juzi tu, kikafukuza sombe (majani ya muhogo) na ugali tuliokuwa tukila nyumbani tangu enzi na enzi. Huku Ituri, mashariki ya Kongo, chakula cha kubebwa ni cha zamani, na kila mara kilifuata kundi la wanaume walio mbali na jiko lao. Walikuja wapagazi, wakaja wachimba dhahabu, wakaja askari, wakaja wafanyakazi wa mashirika. Pizza ni ya hawa wa mwisho.

Tuanze na wapagazi, maana hao ndio waliokuwa na Kiswahili mdomoni. Mwaka 1887 mpelelezi Stanley alipita Zanzibar akaandikisha zaidi ya watu 600, akazunguka nao kwa bahari hadi mlango wa mto Kongo, akapanda nao mpaka Yambuya, kwenye mto huu wetu wa Ituri ambao huko chini unaitwa Aruwimi. Alikuwa anakwenda kumwokoa gavana Emin Pasha kwenye Ziwa Albert. Mwezi Juni aliingia msituni na kikosi cha mbele; kikosi cha nyuma kikabaki Yambuya kulinda mizigo. Wengi wa mbele walikufa njaa njiani, na mahali pamoja msituni Wazungu wenyewe walipaita kambi ya njaa. Wa nyuma walikuwa na mihogo tele, nao pia wengi walikufa. Mihogo ya huko ilikuwa michungu, na watu wa pwani wamezoea mihogo mitamu unayoweza kuichoma na kuitafuna papo hapo. Mchungu una sumu, na sharti uloweke siku kadhaa, uanike, ndipo uupike. Mwanamke yeyote wa kijiji cha jirani angewaambia hivyo. Lakini vijiji vilikuwa vimekimbia bunduki zao, na jiko lisilo na mwenyewe halimfundishi mtu.

Desemba mwaka huohuo waliobaki wa kikosi cha mbele walitoka msituni wakaiona nyasi, milima na ziwa, yaani nchi hii yetu ya mifugo, maharagwe na ndizi. Katika masomo yetu ya lishe hawakututajia habari hiyo ya mihogo. Mimi ningeanza nayo.

Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903. Walioiona ni Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, na miaka miwili baadaye uchimbaji ulianza. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto ambayo wazee wetu wote waliifahamu, iwe waliipenda au la. Mgodi unakula. Maelfu ya wanaume waliondolewa mashambani, na mashamba yaliyobaki yakalazimishwa kulisha mgodi: Walendu, Wahema, Wabira, kila kijiji kilipewa kiasi cha kulima na kupeleka. Samaki wa kukausha na wa chumvi walipanda kutoka Kasenyi, kwenye ukingo wa ziwa. Mawese na mchele vilitoka upande wa msituni; mchele wenyewe ulikuwa umeletwa Kongo na watu wa pwani kabla ya Wabelgiji kushika nchi. Sheria ya kazi ya mwaka 1922 ilimtaka mwajiri amlishe mfanyakazi wake, au ampe thamani ya chakula hicho. Ndiyo posho.

Babu mzaa mama alichimba kwenye mgodi wa kampuni huko Bambu, na habari za posho nilizipata kwa mama yangu, aliyekulia kambini. Ilitolewa ikiwa mbichi: unga wa muhogo, maharagwe, mawese, chumvi, samaki mkavu. Mzungu wa kampuni alikuwa na orodha yake na kipimo chake, na kipimo kilikuwa sahihi, mama alikiri hivyo. Kilipimwa kwa ajili ya mkono unaoshika koleo. Ila kijana asiye na mke anatoka zamu akiwa amelowa tope hadi masikioni: ataloweka maharagwe saa ngapi? Kwa hiyo pembeni ya kambi, ambako mlinzi alijifanya haoni, wanawake walikaa na vyungu. Kijana aliwakabidhi posho yake ya wiki, nao wakampikia kila siku, wakabakisha sehemu kama malipo. Alichukua chakula chake kimefungwa kwenye majani mapana ya mangungu, akaenda kukila kwenye nyumba ya wachimbaji, au akashuka nacho shimoni.

Ninachotaka msomaji akione ni kile kilichokuwa ndani ya jani. Orodha ya kampuni, kwa maelezo ya mama, haikuwa na mboga ya majani. Bibi yangu aliiongeza. Alitwanga sombe kwenye kinu mpaka ikawa laini kabisa, akaichemsha muda mrefu bila kuifunika ili ule uchungu utoke na mvuke, ndipo akatia mawese na samaki aliyepondwa pamoja na mifupa yake. Leo naweza kukuambia alichofanya. Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mzizi wake, ambao ukiukausha na kuusaga unakupa gramu mbili tu za protini kwa mia. Mawese mekundu yana kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yenyewe ndiyo yanayokiingiza mwilini. Mifupa ya samaki ni kalisiamu. Bibi hakujua hata neno moja kati ya hayo. Alijua kwamba wanaume waliokula kwake walirudi, na wale waliokula ugali mtupu kwa chumvi waliumwa macho na fizi.

Watoto wa kambi hawakuwa kwenye hesabu hiyo. Mama alikumbuka wenzake waliovimba miguu na uso, nywele zikigeuka rangi ya kutu, baada ya kuachishwa ziwa na kuwekwa kwenye uji wa muhogo kwa sababu mdogo wao amezaliwa. Ugonjwa huo, kwashiorkor, dunia ya waganga iliandikiwa habari zake na Daktari Cicely Williams kutoka Ghana ya leo katika miaka ya 1930. Kambini walidhani ni wivu wa mtoto. Nimewatibu wengi wa namna hiyo, na hadi mwaka nilioacha kazi bado waliletwa.

Miaka ya baada ya uhuru nitaipita haraka. Bunia ikawa makao makuu ya jimbo la Kibali-Ituri kuanzia 1962 hadi 1966, kisha ikarudi kuwa mji wa wilaya. Kampuni ikataifishwa ikaitwa OKIMO. Mishahara ikachelewa, kisha ikazoea kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mobutu akaruhusu raia wachimbe dhahabu wenyewe, na vijana wakamiminika Mongbwalu. Hakuna posho tena, hakuna orodha. Kila mtu anunue. Wakati huo tulikuwa tumeshahamia Nyakasanza, na mama yangu alianza kuuza mikate na maharagwe kando ya njia inayoshuka sokoni.

Msomaji wa Dar es Salaam asiwaze mkate wa kukata kwa kisu. Mikate yetu ni mabonge madogo ya unga wa ngano ya kukaangwa. Unakoroga unga na maji ya vuguvugu, sukari, chumvi na levire (hamira) usiku, uwe mzito lakini unaovutika. Unaufunika kwa kitambaa na kuuacha karibu na jiko. Saa kumi alfajiri umeumuka hadi unainua kitambaa. Mama alilowesha mkono, akachota unga, akaukamua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ukachomoza kama yai, na kwa mkono mwingine akauangusha kwenye mafuta. Bonge zuri hujigeuza lenyewe. Likikataa kujigeuza, mafuta yamepoa, na mafuta yakipoa unga unayanywa. Aliuza kwenye vipande vya mifuko ya saruji, vilivyokung'utwa vizuri, akiweka maharagwe kwenye bakuli ya mteja mwenyewe. Asiye na bakuli alikula amesimama.

Kwa hiyo ngano haikuja na pizza. Ilikuwa imeshakaa kwetu, na ya kununuliwa kutoka nje vilevile, kwa kuwa mashamba ya hapa si ya ngano. Mafuta ya kukaangia na sukari navyo havikuja na pizza. Ukiniuliza kwa mizani, mikate mitupu ni duni kuliko pizza: wanga na mafuta, protini kidogo. Kilichoiokoa ni maharagwe. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina protini gramu 15 hivi na nyuzinyuzi gramu 11, na protini yake ina wingi wa ile sehemu ambayo ngano imepungukiwa nayo. Viwili hivyo vikikutana tumboni, ni karibu na kula nyama. Mteja wa mama alipata hayo kwa bei ya kitu cha chini kabisa mjini, na alirudi mgodini akiwa ameshiba hadi jioni.

Vita ya Walendu na Wahema iliyoanza 1999 ilivunja majiko. Naandika hivyo kwa makusudi, maana vifo vimeandikwa na wengine. Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka, mji ulipiganiwa mtaa kwa mtaa. Waliokimbilia parokia yetu ya Nyakasanza walifuatwa humohumo wakauawa, mapadri wawili miongoni mwao. Maelfu walilala karibu na uwanja wa ndege, kwenye uzio wa askari wa Umoja wa Mataifa. Juni wakaja Wafaransa na wenzao wa Ulaya, operesheni Artemis, hadi Septemba.

Mwanamke aliyekimbia hana kinu wala kuni. Unga wa mahindi wa PAM, yaani Mpango wa Chakula Duniani, maharagwe na mafuta yenye vitamini vilipimwa kwa kanuni ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, hesabu nzuri, ila maharagwe makavu yanataka saa za moto, na aliyekwenda kutafuta kuni porini alihesabu kama atarudi. Tuliona watu wakiuza maharagwe ya msaada ili wanunue kitu kilichoiva. Wakubwa walikasirika: wanauza msaada! Mimi nilimkumbuka kijana wa Bambu na posho yake mbichi. Wanawake walishaanza, ndani ya kambi ileile ya uwanja wa ndege, kukusanya unga wa watu kadhaa na kupika chungu kimoja.

Nao askari walikuwa na chakula chao cha kubebwa: boksi la siku moja la Mfaransa, zaidi ya kilokalori 3,000, makopo, biskuti na chokoleti. Watoto waliokota makopo matupu na kuyalamba. Baadaye kikaja chakula cha kubebwa kilichopimwa kuliko vyote nilivyowahi kushika, pakiti ndogo ya gramu 92 yenye siagi ya karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini: Plumpy'Nut, kilokalori 500 kamili, haihitaji maji wala moto. Watafiti wa Ufaransa waliitunga katika miaka ya 1990. Mtoto aliyekuwa ngozi na mifupa anaikamua mdomoni mwenyewe, na baada ya wiki chache hamtamtambua. Kama kuna chakula cha pakiti ninachokipigia saluti, ni hicho. Lakini nacho kilifika nyumbani kikagawanywa kwa ndugu wanne, na kingine nilikikuta sokoni kimepangwa pamoja na sabuni. Mama mwenye watoto wanne wenye njaa na pakiti ya mmoja tu si mwizi.

Baada ya bunduki kutulia mjini, wageni walibaki. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa na Wauruguay, Wabangladesh, Wapakistani, Wamoroko, Wanepali. Juu yao wafanyakazi wa mashirika, wengi wakikaa peke yao bila familia, wana dola, na jioni hawataki kupika. Yaani wachimbaji wa Bambu upya, wenye mishahara mizuri zaidi. Mji ulifungua milango: kuku wa kuchoma, chipsi, sambusa, chapati, hata chapati iliyokunjwa na mayai ambayo vijana waliokimbilia Kampala walirudi wakiiita rolex. Pizza iliingia kwa wageni hao, ikapikwa kwanza katika hoteli, kisha wapishi waliojifunzia huko wakatoka wakajifungulia vyao. Tanuri lilikuwepo tayari, la mikate ya kawaida.

Ndugu zangu wa Zanzibar watasema wao wana pizza yao, ile ya pale Forodhani. Nimesimuliwa: unga mwembamba unakunjwa juu ya nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakaangwa kwenye bamba la chuma. Kwa mizani yangu hiyo inazishinda zote, maana ina yai zima ndani yake na inaliwa na mtu mmoja akashiba. Ila jina ni la kuwafurahisha watalii.

Mashirika yalipopunguza watu, pizza haikuondoka nao. Leo anayeagiza ni mfanyakazi wa benki, mwanafunzi siku anayomaliza mitihani, kijana anayemtaka binti wa watu. Motari anafika na boksi limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, vumbi juu, vuguvugu ndani. Bei yake ni dola, na boksi moja linaweza kununua maharagwe ya familia ya wiki nzima. Kwa hiyo hofu ya kwamba pizza itawanenepesha watoto wa Nyakasanza ni hofu ya nyumba chache sana. Nyumba nyingi zinakula ugali wa muhogo na mboga mara moja kwa siku, na barabara ya Komanda au ya Mahagi ikifungwa kwa sababu ya wenye silaha, hata huo unapanda bei. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na hakuna malori yaliyofika kwa raha zaidi kwa ajili hiyo. Unga wa ngano unatoka Uganda, na kila ninapoona boksi nafikiria barabara kabla ya kufikiria kalori.

Tofauti ninayoiona kati ya pizza na vyakula vyote nilivyovitaja ni moja. Posho ilipata sombe ya bibi. Mikate ilipata maharagwe ya mama. Chungu cha kambi ya uwanja wa ndege kilipata majani ya lengalenga (mchicha) yaliyochumwa kando ya mfereji. Pizza bado imekuja na orodha yake kama ilivyo, na hakuna mkono wa hapa ulioongeza kitu zaidi ya mayonezi.

Nilimwambia hivyo kijana mmoja anayeoka mtaani kwetu, mtoto wa rafiki yangu. Hakucheka. Alijaribu kwanza lengalenga mbichi, ikatoa maji na kufanya unga mbovu. Nikamwambia aichemshe, aikamue kwa mikono miwili, aikaange na kitunguu na mawese kidogo, ndipo aitandaze. Hiyo ilikubali. Samaki wadogo wakavu wa Tchomia, kule ziwani, walikubali pia, wakiondolewa vichwa na kupasuliwa, ingawa mara ya kwanza harufu ilifukuza wateja wawili waliokuwa wamekaa na simu zao. Yai moja katikati halikuleta ubishi. Anaiuza kwa bei ya chini kuliko ya nyama, kwa sababu jibini yake ni nusu, na wanunuzi wake wakubwa ni akina mama wanaotoka ofisini.

Mayonezi amekataa kabisa kuyaondoa. "Mama, nikiondoa wanakwenda kwa jirani." Tumekubaliana kuhusu chumvi. Alikuwa akiweka gramu 20 kwa kilo ya unga, sasa anaweka 12, na hajamwambia mteja hata mmoja.